Nyambizi ya Sentimita Thelathini na Moja

Kila siku shule ilipokwisha, saa nane mchana, sikwenda nyumbani. Nilivuka barabara, nikamwamkia mlinzi wa lango la jeshi la majini, nikamfungulia mkoba wangu auchungulie, kisha nikaenda moja kwa moja hadi karakana alikofanya kazi mama. Mlinzi yule alikuwa ameuchungulia mkoba huo kwa miaka miwili, na hakuwahi kukuta ndani yake kitu cha hatari kuliko soksi zangu za michezo.

Mama alikuwa mhandisi mkuu wa karakana. Pamoja na wenzake wawili alikuwa akitengeneza sona mpya, yaani kifaa cha kutambua vitu chini ya maji kwa kutumia sauti. Sona hupeleka mlio majini, mlio ukagonga kitu, ukarudi kama mwangwi, na kifaa kikausikiliza. Sona za zamani ziliweza kusema tu kwamba pale mbele kuna kitu. Ya mama ilitakiwa iseme kitu chenyewe ni nini: mwamba, samaki, au nyambizi, ile meli inayosafiri kwa kujificha chini ya maji. Mabaharia wa doria wakiwa nayo, wangemjua anayewanyemelea kabla hajawafikia.

Wenzake wa mama walikuwa Babu na Miwani. Babu alikuwa fundi mzee, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi cheo. Miwani alikuwa kijana wa kompyuta, na jina lake lilitokana na alichovaa puani. Mimi waliniita Bi Maswali. Sikuwahi kuuliza kwa nini.

Katikati ya karakana palikuwa na bwawa la majaribio lenye kina cha mita nane. Maji yake yalikuwa ya bahari, meusi tititi, ukiinama huoni hata kidole chako ukikichovya. Yaliachwa hivyo makusudi, kwa kuwa hata baharini hakuna mtu wa kukusafishia maji ili uone vizuri.

Ukutani kando ya bwawa palitundikwa ubao mweusi wenye chaki iliyofungwa kwa uzi. Juu yake mama alikuwa ameandika kwa rangi: VILIVYOZAMA. Kitu chochote kikianguka bwawani, aliyekiangusha alipaswa kuandika papo hapo ni kitu gani, ni nani na ni saa ngapi. Aliyeandika hakukemewa. Mwisho wa mwezi mzamiaji alishuka kuviokota vyote, ubao ukafutwa. Mwezi uliotangulia ubao ulikuwa umesomeka hivi: "Bisibisi, Miwani, saa tatu. Kiatu cha kushoto, Mhandisi Mkuu, saa sita. Meno ya juu, Babu, saa nne." Babu alikunywa supu hadi mwisho wa mwezi, lakini aliandika.

Mimi nilikuwa na sharti langu peke yangu. Niketi mezani, nifanye kazi za shule, na nisisogee bwawani na chakula wala kinywaji.

"Ukilivunja sharti hili, mwanangu," mama aliniambia, "mchana utakuwa unashinda kwa shangazi yako."

Shangazi alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri na magoti mabaya. Alikuwa na magoti mawili, na kila goti lilikuwa na historia yake. Historia ya goti la kulia peke yake ilianza saa nane ikamalizika saa kumi, na kesho yake ilianza upya. Nilimpenda sana shangazi, lakini goti lile nilikuwa nimelihitimu.

Jumatatu moja wakubwa wote watatu walipanda juu kwenye mkutano. Mama alisahau chupa yake ya chai mezani kwangu. Ilikuwa chupa ya chuma, ndefu, imejaa pomoni. Siku hiyo hiyo mwalimu wa sayansi alikuwa ametufundisha kwamba ukizungusha ndoo ya maji kwa kasi, hata ikipinduka maji hayamwagiki. Ndoo sikuwa nayo. Nikaifungua chupa kidogo, nikasogea ukingoni mwa bwawa, ili chai ikimwagika imwagikie majini na isichafue sakafu. Wakati ule niliona hilo ni wazo la mtu mwenye busara.

Mzunguko wa kwanza, halikumwagika hata tone. Nikafurahi, nikakikaza kifuniko ili nijaribu kwa kasi zaidi. Mzunguko wa pili, salama. Mzunguko wa tatu chai haikumwagika vilevile, ila chupa yenyewe iliondoka. Ilipaa kidogo, ikaangukia kwenye pembe moja ya bwawa, ikazama.

Nilikwenda ubaoni. Nilishika chaki, nikaandika "Chu". Hapo nikasikia nyayo zikishuka ngazi, na badala ya kumalizia neno nikayaona akilini magoti ya shangazi. Nikafuta kwa kiwiko.

"Chupa yangu ya chai iko wapi?" mama aliuliza.

"Labda umeiacha nyumbani, mama."

Alijigonga kipaji cha uso. "Kweli. Siku hizi nasahau hata jina langu."

Laiti angenigombeza. Aliponiamini kirahisi vile, niliona aibu hadi masikio yakaniwaka moto.

Jumanne waliwasha sona kwa majaribio. Ijumaa ingekuja siku kubwa, kwa sababu Kamanda wa jeshi la majini angefika kuamua kama kazi ile ya miaka mitatu iendelee au karakana ifungwe. Sona ikatoa mlio wake, ikasikiliza, na maandishi yakatokea kwenye skrini. Miwani aliyasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Inasema kuna nyambizi bwawani," alisema. "Urefu wake sentimita thelathini na moja."

Babu alicheka hadi akashika meno yake. "Na nahodha wake bila shaka ni dagaa."

Mama hakucheka. Aligeuka akautazama ubao. "Ubao ni mtupu, kwa hiyo chini hakuna kitu," alisema. "Kifaa kinaota."

Hakuna aliyefikiria kuushuku ubao. Kwa miaka mitatu ubao ule ulikuwa haujasema uongo hata siku moja, hata kuhusu meno ya mtu. Mzamiaji naye alikuwa safarini na meli hadi Alhamisi jioni, na hata angekuwepo, wasingemwita kutafuta kitu ambacho ubao unasema hakipo. Basi wakakishuku kifaa.

Walikifungua chote. Babu alitoa skrubu mia mbili na kumi na nne, akazisafisha moja moja kwa mswaki, akazirudisha, ikabaki moja ambayo hakujua ilitoka wapi, akafungua tena. Miwani alipekua programu mstari kwa mstari mpaka akaanza kuzungumza na skrini kwa upole, kama anambembeleza mtoto ale. Wakawasha. Nyambizi, sentimita thelathini na moja. Jumatano kifaa kikaongeza kwamba kina uhakika wa asilimia tisini na nane.

Jumatano hiyo ndipo nilipoelewa. Chupa ya chai ni ya chuma, ndefu, ya mviringo, na kati ya kuta zake mbili mna uwazi. Nyambizi nayo ni ya chuma, ndefu, ya mviringo, na ndani ni tupu. Kifaa hakikuwa kinaota. Karakana nzima tulikuwa wawili tu tuliojua ukweli, kifaa na mimi, na mmoja wetu alikuwa anausema tangu Jumanne bila kuchoka.

"Sema unaumwa nini," Babu alikiambia kifaa huku akikipapasa. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikainamia daftari la hesabu. Siku ile nilikosa hesabu saba kati ya kumi.

Alhamisi alasiri mama alikuwa ameketi sakafuni katikati ya nyaya, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Miwani alichuchumaa karibu naye.

"Mama Mhandisi, nina wazo," alisema. "Niiambie programu isiangalie pembe ile. Kesho Kamanda akija, skrini itakuwa safi. Akishaondoka tutaendelea kutafuta."

Babu alikohoa, akajifanya anatafuta skrubu. Sehemu moja ya roho yangu ilitamani mama akubali. Akikubali, hakuna atakayejua.

"Hapana," mama alisema. "Tukikizoesha kufumba jicho bwawani, kitafumba na baharini, na kwenye meli kuna watoto wa watu. Kesho nitamwambia Kamanda kwamba kifaa kina kasoro na kwamba siijui."

"Watafunga karakana," Miwani alisema.

"Wafunge. Sitampa mtu kifaa cha uongo."

Njiani kwenda nyumbani alinishika mkono, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu nifike darasa la tano. Nilifungua kinywa mara tatu. Mara ya kwanza nikasema nina kiu. Mara ya pili nikasema kiatu kinanibana. Mara ya tatu nikakifunga bila kusema kitu.

Ijumaa shule ilikuwa imefungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula, hivyo nilikuwa karakana tangu asubuhi, nimekaa mezani kwangu kimya kama maji mtungini. Kamanda aliingia saa nne na maofisa wawili. Alikuwa mtu mfupi mwenye kofia kubwa, na alitembea akitazama kila kitu, pamoja na mimi. Nyuma yao alisimama mzamiaji, amerudi kutoka safari, anatafuna kijiti.

Sona iliwashwa. Kamanda akasoma skrini kwa sauti: "Nyambizi. Sentimita thelathini na moja." Akamtazama mama. "Mhandisi, hii ni nini?"

Mama alisimama wima.

"Afande, kifaa kinaona kitu ambacho hakipo," alisema. "Tumekitafutia kasoro siku tatu na hatujaipata. Kosa ni langu."

Ofisa mmoja alifungua daftari, akaanza kuandika. Nilipoiona kalamu yake ikitembea, nilipiga moyo konde, nikasimama. Kiti kikaanguka nyuma yangu kwa kishindo, na wote wakageuka.

"Kosa si lake," nilisema. "Na kifaa hakina kasoro. Ile nyambizi ni chupa ya chai. Niliiangusha mimi Jumatatu, nikaandika ubaoni, halafu nikafuta."

Skrubu ilimponyoka Babu, ikabingirika hadi ukingoni, ikadumbukia bwawani. Babu alikwenda ubaoni akaandika: "Skrubu, Babu, saa nne na robo."

Kamanda alimwonyesha mzamiaji pembe ya bwawa kwa kidole. Mzamiaji alitema kijiti, akavaa vifaa vyake, akashuka. Dakika zile zilikuwa ndefu kuliko historia ya goti la kulia. Kisha mkono ukaibuka majini, na katika mkono ule palikuwa na chupa ya mama.

"Nani ana rula?" Kamanda aliuliza.

Nilikuwa nayo mkobani. Aliilaza chupa mezani kwangu, juu ya daftari langu la hesabu, akapima. Rula yangu ilikuwa ya sentimita thelathini, na chupa iliipita kwa upana wa kidole chake kidogo. Kamanda akafungua kifuniko, akanusa chai ya siku nne, akafunga haraka sana.

"Kwa miaka mingi," alimwambia mama, "nimeletewa vifaa vinavyotafuta vitu mlivyovificha wenyewe, na siku zote vinavipata. Hiki kimepata kitu ambacho mliapa hakipo, na kimetaja hata urefu wake. Endeleeni na kazi. Lakini kifundisheni kutofautisha nyambizi na kifungua kinywa."

"Ndiyo, afande," Miwani alisema, na sauti yake ilipasuka katikati.

Wageni walipoondoka, Babu alimkumbatia Miwani, Miwani akamkumbatia mzamiaji aliyelowa chapachapa, kisha wote wakakumbuka kwamba wana kazi mahali pengine. Nikabaki na mama. Nilianza kulia kabla hajasema chochote. Aliniacha nilie, kisha akanivuta karibu.

"Umenisemea mbele ya watu wakubwa, na najua haikuwa rahisi," alisema. "Nakushukuru kwa hilo. Sasa nisikilize. Chupa ni chupa, nitanunua nyingine. Lakini kwa siku tatu tulimshuku aliyesema kweli kwa sababu tulimwamini aliyenyamaza. Ungeandika Jumatatu, ungekuwa mstari mmoja wa chaki. Kosa ukilisema mapema huwa dogo na huwa lako peke yako. Ukilificha, linakua, na wanaolibeba ni watu wengine. Mimi nilikaribia kulibeba leo."

"Nisamehe, mama."

"Nimekusamehe. Kamalizie neno lako."

Nilikwenda ubaoni. Chini ya skrubu ya Babu niliandika kwa herufi kubwa: "Chupa ya chai, Bi Maswali, Jumatatu, saa tisa. Imeandikwa Ijumaa." Maneno hayo mawili ya mwisho yalikuwa magumu kuyaandika kuliko mengine yote. Mama alisoma, akatikisa kichwa kukubali, akanipangusa uso kwa kanga yake ya mkobani.

"Na kwa shangazi?" niliuliza, nikitumaini kidogo.

"Wiki mbili, kuanzia Jumatatu," mama alisema. "Nimeshampigia simu ulipokuwa ubaoni. Amefurahi sana. Anasema goti la kushoto bado hajakusimulia."