Shuka la Sita

Mkunga ndiye aliyemkuta, saa nne na dakika ishirini asubuhi. Alikuwa ametoka wodini kwenda chumba cha betri, nyuma ya zahanati, kumwuliza fundi ni lini umeme utarudi, maana kulikuwa na mama aliyeshikwa na uchungu na mtoto alikuwa anakuja kabla ya miezi yake. Fundi alikuwa amelala ubavu chini ya bomba ambamo nyaya za sola hushukia kutoka paani. Miwani ilikuwa bado usoni, na kipimo cha umeme kilikuwa karibu na goti lake. Viganja vyake vyote viwili vilikuwa vimeungua.

Inspekta alifika saa tano kasoro dakika tano. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi wa kimo na wa subira, na kitu kilichomuudhi kuliko vyote ni kupewa jibu kabla hajauliza swali.

"Uzembe tu, afande," konstebo alimpokea mlangoni. "Ni binti yake mwenyewe. Hakufunika."

"Hakufunika nini?"

Aliyejibu ni msimamizi wa majengo, mtu nadhifu, shati limepigwa pasi, funguo zimening'inia kiunoni. "Paneli, afande. Huyu marehemu tulimwita Mzee Blanketi. Alikuwa hagusi waya mpaka paneli zote zifunikwe. Alizoea kuniambia, jua halina swichi. Hata uzime kila kitu huku chini, waya unaotoka kwenye paneli una umeme maadamu jua linawaka. Leo aliyepanda kufunika ni binti. Nenda ukajionee, mablanketi yamekunjwa, hayajaguswa. Simlaumu, maskini. Vijana wana mawazo mengi."

"Alikuja kutengeneza nini?"

"Nyaya. Panya walizitafuna wiki tatu zilizopita. Umeme ulikatika, kitanda cha joto kikapoa, tukapoteza mtoto njiti." Alitikisa kichwa. "Panya ni adui, afande."

Inspekta alipanda ngazi ya chuma ya nyuma, konstebo akimfuata. Juu kulikuwa na paneli sita kwenye mstari mmoja, vioo vinang'aa. Mablanketi matano yalikuwa yamekunjwa na kupangwa karibu na ngazi. Alipitisha kidole juu ya kioo cha kila paneli, kikatoka safi mara zote sita. Kisha akatazama saruji aliyosimama. Ilikuwa nyeupe kwa vumbi, na nyayo zake mwenyewe zilionekana juu yake, zimechanganyika na za waliotangulia kupanda.

Upande wa pili wa ukuta mkata mawe alikuwa amekaa kando ya mashine yake, uso mweupe kama aliyetoka kusaga unga.

"Wanasema Jumatatu ulimtishia fundi," Inspekta alimwambia kutoka juu.

"Nilimtishia, sikatai. Kila siku ni yeye na vumbi, eti, vumbi lako linaua paneli zangu. Nikamwambia nitamkata kwa mashine hii. Lakini mama, mdomo haujawahi kukata mtu!"

"Leo umekata mawe saa ngapi mpaka saa ngapi?"

"Saa tatu na nusu mpaka saa nne kamili. Mashine ilipata moto, nikaipumzisha. Mpaka sasa sijaiwasha."

"Na vumbi lilikwenda wapi?"

"Lote huko kwenu. Upepo haunisikilizi mimi."

Inspekta alichuchumaa akafungua blanketi la kwanza. Upande wa nje ulikuwa safi. Katikati ya mikunjo vumbi jeupe lilimwagika mpaka kwenye viatu vyake. Alifungua la pili, likawa hivyo hivyo.

"Konstebo, vumbi linaingiaje ndani ya blanketi lililokunjwa?"

Konstebo alikuna shingo. "Haliingii, afande. Labda lilikuwa limetandazwa." Akatazama vioo. Alikuwa mropokaji lakini hakuwa mjinga. "Kwa hiyo yalikuwa juu ya paneli wakati mawe yanakatwa. Mtu ameyatoa baada ya saa nne."

"Hesabu mablanketi. Kisha hesabu paneli."

Binti wa fundi alikuwa amekaa chini ya tangi la maji, ndani ya ovaroli kama ya baba yake. Alikuwa na miaka ishirini na minne na alikuwa amefanya kazi na baba yake miaka sita. Hakuwa akilia. Alikuwa akiitazama mikono yake.

"Ulifunika ngapi?"

"Sita. Saa tatu na robo. Mablanketi matano na shuka moja. Blanketi la sita limechanika, nikaazima shuka kwa dobi." Sauti ilikuwa kavu. "Lakini dobi anasema hajanipa shuka. Na juu hakuna shuka. Kila mtu ananiambia sikufunika, mpaka nikijaribu kukumbuka, sijioni nikifunika."

"Halafu?"

"Baba akanituma dukani. Sheria yake ni kwamba mablanketi hayaachwi peke yake, lazima mtu akae nayo. Leo aliivunja kwa sababu ya yule mama wodini. Alisema tukimaliza mapema mtoto atakuta joto." Aliinua macho. "Inspekta, nieleze tu. Nimemuua baba yangu?"

Inspekta alitamani kusema hapana. Vioo vyote sita vilikuwa safi, lakini mablanketi matano hayafuniki paneli sita, kilichofunika ya sita alikuwa bado hajakiona, na yeye hakuwa mtu wa kumpa yatima neno ambalo angekuja kumnyang'anya. "Bado sijajua," alisema, na likamuuma kulisema. "Dukani ulitumwa nini?"

"Waya mnene, mita saba. Alinipa hiki, akasema wanipe kitu kinene mara tatu ya hiki. Akasema nisikipoteze, mchana atampelekea daktari."

Alitoa mfukoni kipande cha waya chenye urefu wa kidole. Upande mmoja kilikuwa kimeyeyuka. Upande wa pili kilikatwa kwa koleo, mkato mmoja safi. Inspekta alikigeuza mara mbili akitafuta alama za meno. Hazikuwepo. Alimwita konstebo, akamnong'oneza, na konstebo akaondoka kwa pikipiki.

Dobi alikuwa nyuma ya jiko, mikono ndani ya povu.

"Sijui shuka lolote," alisema kabla ya kuulizwa.

"Unamwogopa nani, mama?"

Dobi alisugua nguo iliyokwisha takata. "Shuka la wodi likionekana nje ya wodi, mtu hana kazi. Yote yana namba. Mwaka jana msimamizi alimfukuza mwenzangu kwa foronya moja tu. Mimi nina wajukuu wanne, mwanangu."

"Na pale kwenye tangi kuna mtoto wa mtu anaamini amemuua baba yake."

Mikono ilisimama ndani ya maji. "Thelathini na moja," dobi alisema. "Nilimpa namba thelathini na moja. Mungu anisamehe."

Saa nane kasoro robo Inspekta aliomba afunguliwe stoo ya mashuka. Msimamizi alifungua mwenyewe. Binti na dobi walisimama mlangoni.

"Ufunguo wa hapa mnao wangapi?"

"Ni mimi peke yangu, afande. Humu hakipotei kitu."

"Leo umepokea mashuka?"

"Dobi hunikabidhi jioni. Bado."

Rafu zilipangwa kwa namba. Inspekta alipapasa mpaka thelathini na moja, akalivuta, akalikung'uta mara moja. Vumbi la mawe lilijaa chumba. Lilitua kwenye shati lililopigwa pasi.



"Mablanketi uliyaacha kule juu, kwa sababu ni ya fundi," Inspekta alisema. "Kama na hili ungeliacha, ningejua linatoka kwa dobi na nisingejua zaidi. Lakini ni mali ya zahanati na lina namba. Hukuweza. Umemtoa mtu roho, halafu ukarudisha shuka mahali pake. Mazoea yana taabu."

Konstebo alitokea mlangoni akihema, begani amebeba waya mweusi mnene uliokunjwa. "Ulikuwa umefungwa kwenye paneli za nyumbani kwa msimamizi, afande. Mita saba."

Msimamizi aliketi juu ya kreti. "Nilihitaji mita saba tu," alisema. "Nikaweka mwembamba mahali pake, ndani ya bomba, nani angeuona? Sikujua utapata moto mpaka uungue. Sikujua kuhusu yule mtoto."

"Kuhusu mtoto hukujua. Na kuhusu fundi?"

"Alinionyesha kipande saa tatu na nusu. Akasema, ndugu yangu, hapa hakuna panya, mchana nitamwambia daktari. Alisema kwa upole. Angenitukana ningevumilia." Alifuta vumbi kwenye shati, likazidi kuenea. "Nilimwona binti akitoka. Mashine ya mawe ikanyamaza. Nikapanda."

"Alikuita ndugu," binti alisema.

Konstebo alimfunga msimamizi pingu akamtoa.

Hapo ndipo binti alipolia, ameegemea mlango wa stoo, kilio cha kukata pumzi. Inspekta alimshika mabega yote mawili. "Ulifunika," alimwambia. "Zote sita. Sikiliza, mwanangu. Ulifunika zote sita."

Mkunga alitokeza kichwa ukumbini. Aliwatazama, akaona haya, lakini akasema. "Nisameheni. Yule mama... hatuna zaidi ya saa mbili."

Binti alifuta uso kwa mkono wa ovaroli. Alichukua waya mnene aliouacha konstebo, akaupima kwa macho, akaenda kwenye mkoba wa vifaa vya baba yake.

Inspekta alimsaidia kutandaza mablanketi matano. Shuka lilikuwa sasa ni ushahidi. Alivua koti lake la kazi, lenye vifungo vya serikali, akalilaza juu ya paneli ya sita, akalivuta pembe kwa pembe mpaka kioo kikafichika.

"Nenda ukafanye kazi," alisema.

Binti alisita kwenye ngazi. "Mablanketi hayaachwi peke yake."

"Najua." Inspekta aliketi juu ya saruji yenye vumbi, mgongo kwenye fremu, jua la saa tisa likimpiga utosini. Hakuondoka pale mpaka alipoitwa kutoka chini, na wa kwanza kumwita alikuwa kichanga, kwa kilio chembamba kutoka wodini.