Chupa Nyuma ya Glasi za Wageni

Idara ya dharura ilijaa watu, lakini Générose alipoingia na Joyeuse mgongoni, kitenge cha njano kikiwa juu ya koti zito, walimpisha wenyewe. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga filimbi.

"Karibu mama. Mimi nesi Gelasius," alisema kijana mrefu, sauti laini ya Bukoba. Akachomeka pampu ndogo ya dawa kwenye chupa ya plastiki yenye barakoa.

"Mashine ya mvuke iko wapi? Ama kwa sisi wakimbizi imeisha?"

"Siku hizi watoto wengi tunawapa hivi, mama. Dawa ni ileile, na wanawahi kurudi nyumbani."

Joyeuse alivuta, akavuta, akaomba biskuti. Wakapewa pampu na chupa waende navyo.

Jumapili, kanisani Dixon Road, mtaa wao huku ughaibuni, nani anapiga gitaa la kwaya? Gelasius, na shati lililopigwa pasi likapigika. Wakapeana namba, simu zikaanza.

"Umekula, malkia?"

"Nimekula fufu. Wewe Mtanzania bado unamega vitonge kama vidonge?"

Wakacheka mpaka majirani wakajua kuna jambo. Siku moja Gelasius akauliza, "Chupa ya Joyeuse umeiweka wapi?"

"Kabatini, nyuma ya glasi za wageni. Mama mkubwa alinionya tangu kwetu Uvira, pampu inazoesha kifua. Mtoto hataiacha mpaka uzee."

"Générose! Huo ni uongo mtupu!"

"Basi mama mkubwa ni mwongo na mimi mjinga? Merci!" Akakata simu, na simu zake zote zilizofuata hakupokea.

Mama unayesoma, usiifungie dawa ya mtoto kabatini hivyo. Asubuhi moja ya theluji, lifti ya jengo lao ikiwa imekufa, Joyeuse alianza kuhema, ngozi inazama katikati ya mbavu. Générose aliita ambulensi, kisha akapiga namba aliyokuwa anaikimbia.

"Wako njiani, Gelasius, lakini mtoto wangu anaishiwa pumzi!"

"Nipo hapa. Chukua chupa. Tikisa pampu. Barakoa ibane pua na mdomo. Bonyeza mara moja, mwache avute polepole. Haya, tikisa tena, bonyeza."

Glasi zilianguka zikavunjika zote. Générose hakuzitazama. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza, mpaka filimbi ikapungua na macho ya mtoto yakafunguka vizuri.

Watu wa ambulensi walipomaliza kupanda ngazi, Joyeuse alikuwa amekaa, anamshitaki mama yake kwa Kiingereza kwamba amevunja vyombo. Wakampima, wakamsifu mama kwamba dawa imeingia kwa wakati, wakamchukua mtoto pamoja na mama yake, akaangaliwe zaidi hospitali.

Mlangoni wakapishana na Gelasius, anatweta, theluji kichwani.

"Ghorofa ya kumi na moja!" Générose akacheka huku analia. "Nikupe na wewe pampu, cheri?"

"Pampu ya nini? Mimi nataka mke."

"Na chupa haitarudi kabatini. Nimekubali vyote viwili."

Siku ya harusi, mkoba wa bibi harusi ulikuwa mweupe, wa lulu. Ndani mlikuwa na leso, na chupa ya Joyeuse.