Tuovi Ahamisha Meza ya Mama

Kila kiangazi Tuovi alifua mazulia ya nyumba nzima gatini, kwenye meza iliyokazwa kwa boliti, aliyoachiwa na mama yake. Aliyasugua kwa sabuni ya msonobari, akayasuuza baharini, povu likaenda zake. Jioni familia iliingia sauna, chumba cha mvuke wa moto, kisha wote wakajitupa majini.

Mwaka huu hakujitupa mtu. Maji ya ghuba yalikuwa mazito, ya kijani kama supu ya njegere. Mbwa wao aliyanywa, nusura afe.

"Na Ilona anakuja Jumamosi," Tuovi alisema. "Nilimwahidi mjukuu wangu kumfundisha kuogelea."

"Mfundishe kwenye beseni," mumewe Eino akajibu.

Tuovi hakucheka. Alichukua zulia, akashuka gatini. Jirani yake Marketta, anayepima maji ya fukwe, alimkuta amelijaza povu.

"Shoga, bado unalisha tu?"

"Namlisha nani?"

"Mwani wenye sumu. Uchafu wa zulia na sabuni ni chakula chake. Mbolea na maji ya vyoo, vilevile. Bahari yetu imezungukwa na nchi kavu, mlango wake mwembamba. Kinachoingia hakitoki upesi. Na siku hizi maji yana joto, mwani unanona."

"Kwa hiyo mazulia yangu ndiyo yameharibu bahari nzima?"

"Nzima, hapana. Lakini kwenye ghuba hii tunafua sote."

"Mama naye alikosea?"

"Mama yako alikuta maji baridi na nyumba mbili."

Tuovi akajifuta povu. "Nifulie wapi?"

"Juu kwenye nyasi, mbali na ufuko. Maji machafu yanywewe na udongo."

Tuovi akamwita mumewe: "Eino, lete spana tufungue boliti. Meza inahama."

Walipoipandisha, majirani walitania. "Tuovi, sasa unawafulia paa wa msituni?"

"Njooni mshike miguu ya meza, ndimi zipumzike."

Wakashika. Kiangazi kilichofuata, meza zote za ghuba zilikuwa juu, na Eino hakumwaga tena mbolea kwenye nyasi zake. Baadhi ya siku upepo bado ulileta mwani kutoka mbali. Marketta akitundika kitambaa chekundu cha onyo, hakuingia mtu wala mbwa. Lakini siku nyingi mawe ya chini ya gati yalionekana tena.

Ilona, aliyesubiri somo lake mwaka mzima, alisimama ukingoni mwa gati, akitazama mbao.

"Bibi, mashimo haya manne ya nini?"

"Palikuwa na meza. Haya, ruka," Tuovi alisema kutoka majini, mikono tayari kumdaka.

Akaruka.