Aliyemng'oa Kobe

Marehemu alikuwa amelazwa ubavu juu ya meza, tumbo wazi, nyaya zikining'inia. Ndivyo Koplo alivyoeleza kwenye simu, kwa mzaha, na Inspekta hakucheka. Alikuwa amekesha na shauri jingine, viatu vinambana, chai yake imepoa kabla hajaigusa. Akainuka akaenda. Kazi ni kazi.

Kituoni walimwita Mama Subira. Hakuwa na mtoto wa jina hilo. Walimpa kwa uvumilivu wake, naye akawaachia, ingawa subira yenyewe ilikwisha siku nyingi, likabaki jina.

Marehemu ilikuwa kompyuta. Ilikuwa katika chumba cha vioo nyuma ya ofisi ya wasanifu majengo, chumba chenye kiyoyozi cha kugonganisha meno. Mezani palikuwa na mashine mbili, zimefanana kama pacha. Moja ilikuwa nzima. Nyingine imefunguliwa, na katikati yake, palipopaswa kuwa na prosesa, pamebaki kitako cha mraba chenye vitundu vidogo vidogo, kitupu.

"Prosesa ndiyo nini hasa?" aliuliza Inspekta.

"Ubongo wake, Afande," alijibu Mkurugenzi, mwanamume mnene aliyekuwa akijifuta jasho katika baridi ile. "Bila hiyo hili ni debe tu."

"Na mashine mbili za nini?"

"Tunataka kubadilisha kompyuta za ofisi nzima. Nikasema tusinunue kwa kusikia maneno ya wauzaji. Tukazishindanisha prosesa mbili hapa hapa, kwa kazi zetu wenyewe. Vijana wakazipa majina. Hii nzima ni Sungura. Ina viini vichache, yaani vibarua wa ndani wa kufanya hesabu, lakini mbio tupu. Ukichora, kila unachogusa kinaitika palepale. Ile nyingine ni Kobe. Mwendo wake wa wastani, ila viini vyake ni vingi, anabeba mizigo mingi kwa pamoja."

"Mizigo gani?"

"Picha, Afande. Mteja anataka kuiona nyumba yake kabla haijajengwa, na jua dirishani na kivuli sakafuni. Picha moja ya namna hiyo kwa mashine zetu hizi kuukuu ni usiku kucha. Kobe anaimaliza kabla chai haijapoa."

"Yangu ilipoa zamani," alisema Inspekta. "Nani alikuwa anaelekea kushinda?"

"Kobe, kama kwenye hadithi. Leo lilikuwa jaribio la mwisho, kisha niweke sahihi. Sasa ubongo hakuna, na kile chuma cha kuupoza hakuna."

"Ufunguo wa chumba anao nani?"

"Fundi wetu wa kompyuta, peke yake. Hata mimi sina. Nilitaka mtu mmoja awajibike." Mkurugenzi akatikisa kichwa. "Askari wako wa doria wamemchukua tangu asubuhi. Msichana niliyemwamini kama mwanangu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako."

Maneno hayo Inspekta aliyasikia kila wiki, na mara nyingi anayeyasema huwa ameangalia nguo isiyo yake.

Alijua kinachofuata. Jioni hiyo Fundi angefunguliwa shtaka la wizi. Na kazi ya fundi wa kompyuta, ukiitazama vizuri, ni kuachiwa funguo za watu. Akiitwa mwizi mara moja, hata akishinda kesi, nani atamwachia tena?

"Alama za vidole?" alimuuliza Koplo.

"Za Fundi zimejaa kila mahali, Afande, na ni haki yake, ndiye aliyeziunda mashine. Nyingine zimefutwafutwa na kitambaa."

Inspekta akainama, goti likalalamika. Pembeni mwa kile kitako palikuwa na mkono mwembamba wa chuma, umelala chini, umebanwa. Skrubu zilikuwa zimepangwa vizuri kwenye kisosi. Alimtazama Sungura aliyekaa mzima kando, naye ana thamani ileile. Mwizi gani huyu mwenye adabu, achukue mmoja na kumwachia mwenziwe?

"Piga picha hapa," alisema, akionyesha ule mkono wa chuma. "Karibu sana."

"Una maana gani, huo?" aliuliza Koplo.

"Sijui. Ndiyo maana nataka picha."

Mlango ukafunguliwa. Akaingia mzee mwembamba, shati jepesi, amejikumbatia. Akawaamkia, akabaki amesimama karibu na mlango.

"Huyu ni Mzee Sweta," alisema Mkurugenzi. "Ndiye mtu wa picha. Amekesha na mashine zetu tangu ofisi hii ina meza moja. Nimeshasema kikaoni, tukimpata Kobe tutampumzisha."

Mzee akatazama sakafu.

"Shikamoo, Mzee wangu," alisema Inspekta.

"Marahaba, mwanangu."

"Jana usiku ulikuwepo?"

"Kila usiku nipo."

"Uliona nini?"

"Sikuona kitu. Macho yangu yako kwenye picha."

"Ulisikia?"

"Mashine zinanguruma. Utasikia nini?"

"Fundi ni mtu wa namna gani?"

Mzee alisugua mikono yake, vinyweleo vimesimama. "Mtoto mzuri."

"Mtoto mzuri anaiba?"

"Mimi sikusema ameiba."

"Hapana," alisema Inspekta. "Wewe hukusema."

Kwenye ngazi alisimama kuegemea ukuta, akakivua kiatu kimoja kwa muda. "Koplo, mtu anaitwaje Mzee Sweta?"

"Kwa sababu anavaa sweta, Afande."

"Wewe umeliona?"

"Leo hakulivaa, Afande."

"Basi," alisema Inspekta. "Twende kwa Fundi kwanza."

*

Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi la mahabusu, viatu havina kamba, mkanda amenyang'anywa. Alikuwa msichana wa maneno machache, na siku hiyo aliyabana hata hayo machache. Kila mlango wa kaunta ulipolia, aligeuza shingo.

"Unamngoja nani?"

"Simngoji mtu, Afande."

"Jana uliufunga mwenyewe mlango wa vioo?"

"Ufunguo ni wangu."

"Sijauliza ufunguo wa nani. Nimeuliza nani alifunga."

"Andika mimi."

Inspekta alishusha pumzi. Amewahoji waongo wa kila aina, na wanaomchosha kupita wote ni wale wanaodanganya kwa ajili ya mtu mwingine. Anayejitetea utamnasa mahali. Anayemtetea mwenzake ni kama kusukuma ukuta.

"Haya. Nifundishe, mimi mshamba. Prosesa ya Kobe inatolewaje?"

Hapo uso wa Fundi ukalegea. "Kwanza unaiwasha mashine ipate moto. Kati ya prosesa na kile chuma cha kupoza kuna krimu ya joto, ya kijivu. Ikiwa baridi inaganda kama gundi. Ikipata moto inalainika. Unakizungusha chuma taratibu, kinaachia. Halafu unanyanyua mkono wa kufungia, prosesa inatoka yenyewe, hata mtoto anaitoa."

"Mkono mwembamba wa chuma, pembeni?"

"Huohuo. Usiponyanyuliwa, prosesa haijatolewa."

Inspekta akaweka picha mbele yake. Fundi akaitazama. Mkono ulikuwa umelala, umebanwa.

"Na mtu asiyejua," alisema Inspekta, "akikivuta tu kile chuma kwa nguvu, mashine ikiwa baridi?"

"Kinang'oka na prosesa. Imeganda chini yake." Sauti ilipungua. "Pini zake zinapinda. Hapo hakuna prosesa tena, haiwezi kurudi, haiuziki, haifai kitu."

"Kwa hiyo hakuwa anaitaka."

"Hakuwa anaitaka," alirudia Fundi, polepole. Kisha macho yakamjaa machozi.

"Umemkumbuka nani?"

"Sijamkumbuka mtu."

"Kuna mtu alikuwa anakaa pale kukutazama ukizijaribu?"

"Afande, niache."

Inspekta akamwacha. Alikwishapata alichotaka, na hakikumfurahisha.

*

Walimkuta Mzee Sweta kwenye meza yake, picha ya nyumba ya mtu imejaa kwenye kioo cha kompyuta yake, ina bustani na ngazi na anga safi. Inspekta akavuta kiti, akaketi karibu naye kama mtu aliyekuja kusalimia.

"Mzee wangu, husikii baridi?"

"Nimezoea."

"Aliyezoea hajikumbatii. Sweta liko wapi?"

"Nimelifua."

"Lini?"

"Jana usiku."

"Jana ulikuwa hapa usiku kucha. Umelifulia wapi?"

Mzee akaigeukia picha yake.

"Ile krimu ya kijivu," alisema Inspekta, bila kupandisha sauti, "nasikia ikigusa nguo haitoki. Ni kweli?"

"Mimi si fundi."

"Najua. Fundi angeiwasha mashine kwanza."

Mzee aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama usoni.

"Fundi amesema nini?" aliuliza.

"Amesema mlango aliufunga yeye. Amesema niandike hivyo."

"Hajanitaja?"

"Hajakutaja. Nimemuuliza kwa kila njia. Jioni hii anashtakiwa, na hajakutaja."

Mzee Sweta akaweka mikono yote miwili mezani. Akainama chini ya meza, akavuta boksi refu la ramani za zamani. Kutoka ndani, chini ya makaratasi, alitoa sweta la kahawia, zito, limefungwa kama mtoto mchanga. Akalifungua mwenyewe. Ndani palikuwa na chuma cha kupoza na feni yake, na chini yake, imenata, prosesa, pini zake zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Sweta lilikuwa limechafuka kijivu kifuani.

"Koplo, andika," alisema Inspekta. "Mzee, nakuonya kabla hujasema: hulazimiki kusema chochote, na ukisema, kitaandikwa na kinaweza kutumika mahakamani. Umeelewa?"

"Nimeelewa. Andikeni." Alipangusa uso. "Ufunguo huniachia mimi akiondoka, nizime kiyoyozi alfajiri, nami humrudishia asubuhi. Ni kinyume cha amri, lakini ananihurumia, baridi ya chumba kile hufika mezani kwangu na miguu yangu haiipendi. Sikutaka kuiba. Nilimsikia akisema Kobe akipata joto hujipunguza mwendo mwenyewe, asiungue. Nikasema, nikiifuta ile krimu, kesho atapata joto, atapungua, Sungura atashinda. Basi. Nilitaka ashindwe tu."

"Ukavuta."

"Nikavuta, hakikutoka. Nikavuta tena. Kikatoka na roho yake. Nilikaa pale nimekishika, sijui nikirudishe vipi. Kila nikijaribu, pini zinazidi kulala. Nikapangusa meza kwa sweta, nikakifunga humo."

"Kwa nini, Mzee wangu? Kobe alikukosea nini?"

"Kobe anafanya kwa dakika ninachofanya kwa usiku. Umemsikia Mkurugenzi mwenyewe. Alisema mbele ya kikao kizima: tukimpata Kobe tutampumzisha Mzee. Watu wakapiga makofi." Akameza mate. "Mimi ni mtu wa usiku. Mke wangu amefariki, watoto wana kwao. Nikipumzishwa, nakwenda kupumzika wapi?"

Koplo aliacha kuandika. Inspekta akamwashiria aendelee.

"Na asubuhi, Fundi alipochukuliwa, ulikuwa wapi?"

"Dirishani. Nilimwona akipanda gari. Nikasema nitakwenda. Nikasema nikimaliza tu hii picha, nitakwenda."

Mkurugenzi aliitwa. Aliliona sweta, akaona kilichokuwamo, akakaa.

"Mzee? Wewe?"

"Nina swali moja," alisema Inspekta. "Kumpumzisha Mzee, ulikuwa na maana gani?"

"Kumpumzisha mikesha, basi! Alale kwake kama binadamu. Meza yake ya mchana nimeshaiagiza, awafundishe vijana kuweka mwanga kwenye picha. Hakuna anayejua mwanga kama yeye." Alimgeukia Mzee. "Nilidhani umeelewa. Wote walielewa, ndiyo maana walipiga makofi."

"Mkurugenzi," alisema Inspekta kwa uchovu, "ukimfukuza mtu kazi kwa heshima, unamwambiaje?"

Mkurugenzi alifikiri, akalipata neno, lilelile la kikaoni, akainamisha kichwa. Mzee Sweta alikuwa amejifunika uso kwa viganja. Kiooni nyumba ya watu iliendelea kujichora, mstari baada ya mstari, na hakuna aliyeitazama.

*

Jioni, kwenye kaunta ya kituo, Fundi alirudishiwa mkanda, kamba za viatu na ufunguo. Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi lilelile alilotoka Fundi. Shtaka lake lilikuwa kuharibu mali kwa makusudi. Mkurugenzi alikuwa nje, anauliza namna ya kuliondoa, na Inspekta alikwishamwambia kwamba shauri si maji, huwezi kuliteka na kulimwaga utakavyo. Sweta lilikuwa kwenye mfuko wa vielelezo, limebandikwa namba.

Mzee alitaka kusimama. Koplo akamzuia kwa mkono.

"Mwanangu," alisema. "Nisamehe."

Fundi alifunga kamba za kiatu kimoja, kisha cha pili, bila haraka.

"Sikusema kwamba nilikuachia ufunguo, Baba, kwa sababu nilijua utakuja kusema mwenyewe," alisema. "Tangu asubuhi. Kila mlango ulipolia nilijua ni wewe."

Mzee akajikumbatia. Fundi akavua koti lake, akamwekea mabegani, akaondoka bila kuaga. Mama Subira alimtazama mpaka mlango ulipofungwa. Halafu akavua viatu vyote viwili chini ya meza, akaanza kuandika.