Lastiki ya Wifi Yangu

Ndugu zangu, mimi ni fundi cherehani, na haya niliyafanya kwa mikono yangu. Asubuhi hiyo duka lilikuwa shwari. Mimi nilikata vitambaa huku wifi yangu, mke wa kaka, akishona vifungo. Mimba yake ilikuwa ya miezi miwili. Ghafla akakimbilia nje kutapika, mara ya tatu tangu tufungue.

Nilikuwa nimesikia kwamba ukibonyeza mkono kwa ndani, upana wa vidole vitatu kutoka kwenye kiganja kuelekea kwenye kiwiko, kichefuchefu hutulia. Nikambonyeza, akapata nafuu. Basi nikamshonea lastiki ya kuvaa mkononi, yenye kifungo kwa ndani, imbonyeze akiwa kazini.

Sifa zikanilevya. Wateja wajawazito walianza kuagiza lastiki, na kila mmoja nilimwambia, "Muulize wifi yangu huyo hapo."

"Inasaidia, dada," wifi alijibu, macho chini.

Wiki ya pili mashavu yalimbonyea. Kaka akaniuliza, "Dada, tusimpeleke hospitali?"

"Kwa kichefuchefu tu? Acha mambo yako. Nitaikaza kidogo."

Nikaikaza. Mnanisikia? Nikaikaza.

Ijumaa harufu ilinipeleka chini ya meza, kwenye gunia la mabaki ya vitambaa. Nikaingiza mkono. Juu vilikuwa vikavu. Chini vilikuwa vimelowa matapishi ya siku nyingi. Nilishtuka, mkasi ukaniponyoka.

"Wifi, nini hiki?"

"Ni mimi. Ningetapikaje mbele ya wateja wako? Hata maji hayakai, wifi. Tangu jana asubuhi sijakojoa."

Akajaribu kuinuka, akaangukia cherehani.

Hospitalini muuguzi aliikata lastiki. Kifungo kilikuwa kimechora duara kwenye ngozi, na vidoti vinne katikati.

"Kubonyeza si kosa," alisema. "Lakini anayetapika hata maji huletwa siku hiyo hiyo. Mlikuwa mnangoja nini?"

Wifi alikaa na dripu siku nne. Mimba ilinusurika.

Funzo

Kidole kinaweza kutuliza kichefuchefu kidogo. Mjamzito anayetapika kila kitu, au asiyepata mkojo, apelekwe hospitali mara moja. Tena usimfanye mgonjwa wako tangazo la dawa yako, maana ataogopa kukwambia ukweli. Mimi siku hizi nikimuuliza wifi hali yake, naweka mkasi mezani kwanza, namtazama usoni mpaka amalize kujibu.