Kitambaa cha Fumi

"Mara moja tu, halafu twende," Mitsue alisema ndani ya mashua, akifunga kamba kiunoni. "Maziwa yananidondoka. Fumi atakuwa analia huko."

Mawingu yalikuwa yametanda na jua linazama. Kumazo alitazama kichwa cha mkewe. Kitambaa kilikuwa cheupe kitupu. Kile chenye nyota ya uzi, kinachomkinga mzamiaji na yule pepo wa chini ya maji anayejitwalia sura yake, Mitsue alikuwa amemfunga mtoto wao mwenye homa, aliyebaki ufukweni kwa bibi yake.

"Bila nyota?"

"Baba Fumi, uoga wako ungekuwa samaki, tungekula mwaka mzima."

Akazama na chuma chake cha kung'olea konokono wa miambani. Kila alipoibuka alishusha pumzi kwa mluzi mrefu, kama wazamiaji wote wa kijiji chao. Kumazo alizoea kuungoja mluzi huo.

Kamba ikavutwa. Ikavutwa tena, kwa nguvu...

Maji yakawa mekundu.

Alivuta mpaka viganja vikachunika. Mitsue akaibuka kimya, kamba kaishika mkononi, shavu limechanika hadi meno yanaonekana. Akapanda.

"Yuko chini," alinong'ona. "Ana sura yangu. Nimemchoma. Piga kasia."

Nyuma yao maji yakapasuka. Kitambaa cheupe. Uso wa Mitsue. Chuma kimezama begani. Mkono ukashika ukingo wa mashua.

"Mpige," alisema aliyepanda. "Fumi ananingoja."

Kumazo akapiga kwa kasia. Vidole vikavunjika, havikuachia. Akampiga kichwani. Akapiga tena, fuvu likabonyea.

Kabla ya kuzama, kile kichwa kilishusha pumzi.

Mluzi mrefu.

Kumazo akaganda. Huyu aliyepanda... hakupiga mluzi.

Hakuthubutu kugeuka. Mikono ilipiga kasia yenyewe, mpaka mashua ikakwama mchangani na mwanamke akashuka.

Mama yake Kumazo alikuwa akimbembeleza mtoto gizani.

"Mmekawia, mwanangu. Amelia mpaka sauti imekauka. Haya, mnyonyeshe."

Mwanamke alinyoosha mikono, kisha akairudisha haraka. Kifuani pake hapakuwa na hata tone la maziwa.

"Mama," alisema kwa upole, "mfungue kwanza hicho kitambaa cha nyota."

Kumazo aliruka majini akakimbia, kasia mkononi, nywele za mkewe zimenata kwenye ubao.

Bibi alikuwa ameshalipata fundo.