Tarehe za Watu Arobaini na Sita

Kila siku akitoka shule, Chapu alipitia dukani kwa shangazi yake. Lilikuwa duka la chumba kimoja: meza, kompyuta, ngazi iliyoegemezwa ukutani na nyaya zilizoviringishwa na kutundikwa kwenye misumari. Shangazi aliwawekea watu intaneti majumbani na kwenye vibanda vyao vya kazi, nao walimlipa kila mwezi.

Jina lake halisi Chapu alilisikia shuleni tu. Nyumbani aliitwa Chapuchapu, likafupishwa, kwa kuwa hata jina lilikuwa refu mno kwa mwendo wake. Alikuwa wa kwanza kumaliza kula, wa kwanza kumaliza kufagia, wa kwanza kukusanya daftari la hesabu. Kupata hesabu zenyewe lilikuwa jambo jingine.

Ijumaa moja shangazi alimwita mezani. Kaka Miwani, kijana fundi wa kompyuta, alikuwa amemwekea programu mpya. Programu hiyo ingemtumia kila mteja ankara siku yake ya kulipa, na asipolipa ndani ya siku tatu, ingemkatia huduma yenyewe.

"Mwanangu, majina yamo tayari," shangazi alisema, akimpa daftari lililochakaa pembe. "Wewe weka tarehe za malipo. Zote zimo humu. Mimi napanda paa la jirani, mlingoti wake wa intaneti umelala."

Chapu akafungua daftari. Wateja arobaini na sita, kila mmoja na tarehe yake, na pembeni shangazi aliandika sababu kwa penseli. *Fundi viatu, 15, kiwanda humlipa 14. Mpishi wa hosteli, 31, akipata mshahara. Muuza magazeti, 8.* Akamweka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mmoja ilibidi umfungue, uchague siku, uhifadhi, umfunge. Nje wenzake walikuwa wanapita na mpira wa pete.

"Chapu, leo umekuwa kobe?" mmoja alimtania dirishani.

Ndipo alipoona kitufe kilichoandikwa "Tumia kwa wote". Akachagua tarehe mosi, akabofya. Majina yote arobaini na sita yakawa na tarehe moja, yamepangana vizuri kama wanafunzi mstarini. Alijiambia kwamba mwezi ni mwezi tu. Shangazi aliporudi na vumbi la paa magotini, Chapu alisema, "Tayari," akatoka mbio.

Tarehe mosi ankara zilitoka. Jioni ya tarehe nne, intaneti ikakatika kwa watu zaidi ya ishirini.

Tarehe tano Chapu alipofika, simu ya shangazi ilikuwa haiachi kuita. Kaka Miwani alikuwa ameinama mbele ya kompyuta, miwani imemteremka hadi ncha ya pua.

"Shangazi, humu wote wamewekwa tarehe mosi," alisema taratibu.

Shangazi akageuka. "Chapu, si uliziweka kama zilivyo daftarini?"

"Ndiyo, shangazi." Ulimi wake ulikwenda haraka kama miguu yake. "Labda kompyuta imebadilisha yenyewe."

Shangazi alivuta pumzi ndefu. "Umesikia, kijana wangu? Miaka sita daftari langu halijamkatia mtu aliyekuwa hana kosa. Programu yako imenigombanisha na mtaa kwa siku moja. Ile kazi ya kuweka mtandao kwenye jengo la ghorofa tuliyokubaliana, basi. Nitatafuta fundi mwingine."

Miwani alianza kukunja waya wake wa kuchajia. "Nisamehe, shangazi," alisema. "Sijawahi kuiona ikifanya hivyo, lakini nisamehe."

Chapu alitazama sakafu. Alijua kwamba Miwani alikuwa ameisubiri kazi ya ghorofa tangu amalize masomo.

Wakati huohuo fundi viatu aliingia, mzee mwenye aproni ya ngozi. Alikuwa hasikii sauti yoyote tangu utotoni, akazoea kuzungumza kwa kalamu na kijitabu. Chapu alimwamkia kwa kuinamisha kichwa, naye akajibu kwa mkono kifuani. Kisha akaandika, akampa Chapu asome kwa sauti.

"'Binti yangu yuko mbali. Hatuwezi kupigiana simu ya kusikia, huwa tunaonana kwenye skrini tukaongea kwa mikono. Jana alianza kazi. Alitaka nimwone na sare yake. Alinisubiri. Nilikosa nini? Siku yangu ni kumi na...'"

Sauti ya Chapu ikakwama kwenye namba. Mzee akadhani mwandiko wake haukusomeka, akaionyesha kwa kidole: kumi na tano.

"Shangazi," Chapu alisema, "Kaka Miwani hana kosa. Kompyuta haikubadilisha kitu. Ni mimi. Nilibofya mara moja nikawapa wote tarehe mosi, ili niwahi mpira. Halafu nikadanganya."

Shangazi alikwenda kwanza kwenye kompyuta, akamrudishia fundi viatu huduma yake. Kisha akamgeukia kijana. "Nimekuhukumu bila kuuliza. Kazi ya ghorofa ni yako. Na wewe Chapu, chukua daftari."

Wakati huu alimfungua mteja mmoja mmoja. Alisoma tarehe, alisoma na sababu yake, shangazi akimpigia kila aliyekatiwa kumwomba radhi. Mpira wa pete ulianza na kuisha bila yeye. Alipomfikia mpishi wa hosteli, aliinua kichwa.

"Kaka Miwani, huyu ni tarehe thelathini na moja. Mwezi wenye siku thelathini atafanyaje?"

Miwani akatabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwezi mzima huo programu ingemruka. Chagua 'siku ya mwisho wa mwezi'. Swali zuri hilo."

Fundi viatu, aliyekuwa ameeleweshwa yote kwa maandishi, aliandika mstari mmoja, akauweka mbele ya Chapu: *Ukishona kiatu kimoja kwa mtaa mzima, wengi watachechemea.* Mabega yake yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Shangazi alivuta kiti, akaketi karibu na Chapu. "Mimi nami nina kosa, sikukagua kazi yako. Lakini sikiliza, mwanangu. Kulipua kazi ni kumbebesha mwenzako mzigo wako bila yeye kujua. Ukidanganya juu yake, unambebesha na aibu yako. Leo umeitua mwenyewe, na kwa hilo nimefurahi. Kila namba unayoiandika, nyuma yake kuna mtu. Mtafute kwanza, ndipo uandike."

"Nimesikia, shangazi."

Mzee alitoa simu yake, akaiunganisha na intaneti ya duka, akaiegemeza kwenye kompyuta. Skrini ikawaka, akatokea msichana aliyevaa sare ya bluu, bado ina mikunjo ya pasi. Alizunguka taratibu ili baba yake aione vizuri, mbele na nyuma. Baba aliinua mikono yote miwili na kuanza kusema.

Chapu akaacha kuandika kwa muda, akawatazama mpaka walipomaliza.